Dhahabu ya Mongbwalu ilitoka wapi? Darubini za roboti zinafuata alama angani

Kila juma dhahabu ya Kilo na Mongbwalu inashuka Bunia, inawekwa kwenye mizani ndogo, na mazungumzo yanaishia kwenye bei. Lakini madini hayo hayakuzaliwa katika mashimo ya Djugu. Wanasayansi wanasema sehemu ya dhahabu ya ulimwengu ilitengenezwa pale nyota za nyutroni, yaani mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zilipogongana.

Ushahidi ulionekana tarehe 17 mwezi wa nane mwaka 2017, saa nane na dakika 41 mchana kwa saa za Bunia. Mitambo ya LIGO na Virgo ilihisi mtikisiko wa mgongano wa namna hiyo. Sekunde 1.7 baadaye setilaiti Fermi ikanasa mmweko wa miale ya gama. Sekunde kama mbili tu, ukazimika.

Mwanga unaobaki hufifia ndani ya siku chache, na siku ile ramani ya kuonyesha upande wa kutazama ilitoka baada ya zaidi ya saa tano. Ilibidi kusubiri giza liingie Chile. Huko, karibu saa 11 baada ya mgongano, darubini ya Swope ikaona nukta mpya kwenye galaksi NGC 4993. Kesho yake jioni darubini kubwa ya SALT, huko Sutherland, Afrika ya Kusini, ikaipima pia. Rangi yake iligeuka haraka kutoka buluu kuwa nyekundu, dalili kwamba madini mazito yalikuwa yanatengenezwa.

Kwa haraka ya namna hiyo, mtu ni mzito mno. Darubini ya roboti inapokea tangazo kwa intaneti, inaacha kazi iliyokuwa nayo, inageuka yenyewe na kupiga picha. Kisha kompyuta inalinganisha picha hiyo na ya zamani, ikitafuta nukta ambayo jana haikuwapo. Moja ya namna hiyo, MeerLICHT, yenye kioo cha sentimeta 65, ilizinduliwa Sutherland mwaka 2018. Saa za huko ni zilezile za Bunia. Usiku wetu ndio zamu yake, wakati Chile bado ni mchana.

Tarehe 25 mwezi wa nne mwaka 2019 LIGO ilihisi tena mgongano unaofanana na ule. Safari hii eneo la kutafuta lilikuwa karibu sehemu moja ya tano ya anga lote. Darubini zilihangaika usiku baada ya usiku, lakini mwanga wake haukupatikana.