Nani hasa aliyebuni michezo ya karata inayotuduwaza?

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi waliokulia mijini wamewahi kuuona mchezo huu: karata 21 hupangwa katika safu tatu, mtazamaji huchagua moja kimoyomoyo, na baada ya kutaja safu yake mara tatu, mchezeshaji humtolea karata ile ile. Kila anayeuonyesha husema alifundishwa na kaka yake, jirani au mwenzake wa bweni. Ni wachache wanaofahamu kwamba mchezo huo una umri wa zaidi ya miaka 400.

Swali la nani alibuni nini katika michezo ya karata limewashughulisha watafiti kwa muda mrefu. Si swali jepesi, kwa kuwa fani yenyewe huishi kwa siri, na siri haina kawaida ya kubeba jina la mwenyewe.

Karata zilianza kuenea Ulaya mwishoni mwa karne ya 14. Katika mwambao wetu, majina yake yanaonyesha wazi mkono wa Wareno: kopa, uru, pau, shupaza na hata ree ni maneno yaliyotokana na lugha yao.

Mwaka 1584, Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu cha kupinga mauaji ya watu waliotuhumiwa kwa uchawi. Ili kuthibitisha hoja yake, alieleza namna wafanya mazingaombwe wanavyotumia wepesi wa mikono, ikiwemo michezo ya karata. Kwa Scot, kufichua siri hizo lilikuwa jambo la kuokoa maisha: kinachomshangaza mtu si lazima kiwe kazi ya pepo.

Mchezo wa safu tatu nao ulielezwa mwaka 1612 na Mfaransa Claude-Gaspard Bachet, katika kitabu chake cha mafumbo ya hesabu. Karne mbili baadaye, mwanahisabati Joseph Gergonne aliuchambua kwa kina.

Siri yake ni hesabu tupu. Safu iliyotajwa huwekwa katikati ya nyingine mbili, hivyo karata iliyochaguliwa huwa kati ya nafasi ya 8 na ya 14. Zikipangwa upya, huangukia mstari wa tatu, wa nne au wa tano wa safu yake. Safu hiyo ikiwekwa tena katikati, karata hubakiwa na nafasi tatu tu, yaani ya 10, ya 11 au ya 12. Zikipangwa mara ya tatu, zote tatu huangukia mstari wa nne, ambao ndio katikati ya safu. Baada ya kukusanywa kwa mara ya mwisho, karata haina budi kuwa ya 11. Mchezeshaji hahitaji wepesi wa mikono. Anahitaji kuhesabu tu.

Bachet na Gergonne walau wanajulikana. Kitendawili kikubwa zaidi ni cha mtu aliyejiita S. W. Erdnase. Mwaka 1902, mjini Chicago, Marekani, alichapisha kitabu kilichoeleza kwa uwazi usio na kifani mbinu za wadanganyifu wa kamari na za wafanya mazingaombwe. Kitabu hicho kinasomwa hadi leo kama msahafu wa fani hiyo, lakini mwandishi wake hajatambuliwa kwa uhakika.

Jina hilo likisomwa kinyumenyume hutoa E. S. Andrews. Mwandishi Martin Gardner alimtafuta mchoraji wa kitabu hicho, akamhoji, na mwishowe akaamini kuwa Erdnase alikuwa Milton Franklin Andrews, mcheza kamari aliyefariki mwaka 1905 akisakwa kwa mauaji. Watafiti wengine hawakubaliani naye.

Miongoni mwa waliolelewa na kitabu hicho ni Dai Vernon, aliyezaliwa Ottawa, Kanada, mwaka 1894. Mwaka 1922 mjini Chicago alimwonyesha Harry Houdini karata iliyowekwa chini ya ile ya juu, kisha ikaonekana tena juu. Houdini, aliyejigamba kuwa hakuna mchezo angeoneshwa mara tatu asiufumbue, alirudiwa mara kadhaa na bado akashindwa. Vernon alifariki mwaka 1992 akiwa bado anajulikana kama mtu aliyemduwaza Houdini.

Yupo pia Mmarekani Paul Curry, ambaye mwaka 1942 alitoa mchezo ambamo mtazamaji mwenyewe hutenganisha karata nyekundu na nyeusi bila kuziangalia. Mchezo huo umerudiwa duniani kote, mara nyingi bila Curry kutajwa.

Kwa nini majina hupotea? Sababu mojawapo ni sheria. Hakimiliki hulinda maandishi na maonyesho, lakini hailindi wazo wala mbinu. Mwaka 2014, mahakama moja ya Nevada, Marekani, ilimpa ushindi mfanya mazingaombwe Teller dhidi ya mtu aliyeiga onyesho lake la ua na kivuli. Hata hivyo, mahakama ilieleza kuwa kinacholindwa ni onyesho kama mchezo wa jukwaani, na si siri iliyomo ndani yake. Hivyo mbunifu hutegemea uungwana wa wenzake kumtaja.

Upo mchezo mmoja ambao hakuna anayejitokeza kudai kuwa ni wake, nao ni karata tatu, unaochezeshwa vichochoroni na penye mikusanyiko ya watu. Mfaransa Jean-Eugène Robert-Houdin aliuanika katika kitabu chake cha mwaka 1861 kuhusu wadanganyifu wa kamari, na Erdnase naye akaueleza.

Mbinu yake haijabadilika. Mchezeshaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine. Jicho huamini kwamba anatupa ya chini, kumbe ametupa ya juu. Wanaoshinda mbele yako ni wapambe wake. Hata ncha ya karata iliyokunjwa, ambayo mmoja wao hukunong'oneza kuwa ni alama, ni sehemu ya mtego: hunyooshwa na kukunjwa nyingine wakati wewe unatafuta pesa mfukoni.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya urithi wa Vernon na ule wa vichochoroni. Anayetazama mazingaombwe amekubali kudanganywa, na huondoka na mshangao. Anayeweka nauli au mshahara wake kwenye karata tatu hakubahatika vibaya. Hakuwa na bahati ya kujaribu tangu mwanzo.