Bunduki Iko, Lakini Risasi Wapi?

Tuseme leo umepata franka, umepata na karatasi za serikali, na fundi wa Ulaya anakuambia: "Nieleze bunduki ya kuwinda unayoitaka, nitaitengeneza sawa na mwili wako." Utaanza kumwambia nini? Nikiwauliza vijana wa kwetu ku Lubumbashi, wengi wanaanza na mti wa kitako: uwe mwekundu kama mukula. Kiisha wanataka jina lao lichorwe juu ya chuma. Mmoja akasema: "Mi nataka kalibre yenye mutu mwingine hana." Wenzake wakapiga makofi.

Kalibre yenye mtu mwingine hana! Tukae hapo kwanza, juu maneno hayo yalitesa watu wakubwa mbele yetu.

Ku Kenya alikuwako mwindaji jina lake Harry Selby. Alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925, akakomaa katika shamba la wazazi wake Kenya, na kazi yake ilikuwa kuongoza wageni porini. Mtu wa kazi ile hawezi kucheza na bunduki. Nyati akiumizwa na mgeni na kuingia katika majani marefu, anayemfuata ni kiongozi, si mgeni. Selby alikuwa na bunduki nzuri ya mitutu miwili, kalibre 470. Mwaka 1949 gari likapita juu yake, mitutu ikaharibika. Kazi ilikuwa inamngoja, basi akaingia katika duka la May and Co. mjini Nairobi, akatoka na bunduki ya mtutu mmoja ya nyumba ya John Rigby ya London, kalibre 416.

Siku hizo bunduki ya namna ile haikuwa ya kila mtu. Rigby walileta risasi yake mwaka 1911, na bunduki zake zilizotengenezwa zilikuwa chache. Lakini Selby alipendezwa nayo, akaishika miaka mingi. Mwandishi mmoja wa Marekani, Robert Ruark, aliwinda pamoja naye na mwaka 1953 akatoa kitabu juu ya safari ile. Watu wakasoma, wakaanza kutamani bunduki kama ya Selby. Ndivyo inavyokuwa: mtu anaona bunduki mkononi mwa bingwa, anafikiri ubingwa uko ndani ya chuma.

Basi angalia kilichofuata. Risasi zile zilitoka zaidi kwa kiwanda cha Kynoch cha Uingereza. Katika miaka ya 1960 nchi nyingi za Afrika zikapata uhuru, uwindaji wa zamani ukapungua, na Kynoch wakaacha kutengeneza risasi kubwa za namna hiyo. Mtu aliyekuwa na bunduki ya kalibre 416, yenye bei ya gari, akaanza kuhesabu risasi zake kama mjane anavyohesabu unga. Kila mlio ulikuwa hauna badala yake. Hali hiyo ilidumu miaka mingi. Mwisho wa miaka ya 1980 viwanda vya Marekani vikaanza tena kuitengeneza, na leo risasi hiyo inapatikana katika nchi kadhaa. Lakini huo ulikuwa uamuzi wa watu wa mbali, wala hakuna mwenye bunduki aliyekuwa na nguvu juu yake.

Vijana wa ufundi watapenda jambo hili. Risasi ya 416 Rigby iko na ganda kubwa kupita inavyohitaji. Kwa nini? Baruti ya Waingereza wakati ule iliitwa kordaiti, na ilikuwa inabadilika na joto. Ikipigwa jua kali la Afrika, nguvu yake inapanda, na ganda linaweza kukwama ndani ya bunduki wakati mnyama yuko mbele yako. Mafundi wakafanya ganda pana ili nguvu ipate nafasi. Kichwa cha risasi kina gramu 26 na nusu hivi, kinatoka kwa mwendo wa meta 720 hivi kwa kila sekunde. Ni akili nzuri sana. Lakini ganda refu na nene linadai mwili wa bunduki mrefu na imara, na ule ni wa bei. Unaona, ukichagua risasi, umekwisha kuchagua karibu vyote vingine, na bei pia. Kitako chekundu kinakuja mwisho kabisa!

Tena kuna serikali. Mwaka 1907 Waingereza walikataza kalibre 450 kuingizwa India na Sudan, maana waliogopa risasi hizo zisiwafikie waasi waliokuwa na bunduki za zamani za kipimo hicho. Mafundi wa London wakakimbilia vipimo vingine: 465, 470, 475. Ile 470 ya Selby iliyokanyagwa na gari ni mtoto wa sheria ile. Karatasi moja katika ofisi, na bunduki yako inakuwa fimbo.

Mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoacha kazi na kupokea malipo ya mwisho, kila nyumba ilikuwa na mpango wake. Baba mmoja niliyemfahamu alipanga bunduki. Hakuwa mpumbavu, alikuwa fundi wa mashine miaka 26. Alijaza daftari: urefu wa mtutu, uzito, hata kipimo cha mkono wake kutoka kiwiko mpaka kidole, ili kitako kimkae vizuri begani (na ni kweli, bunduki isiyokaa begani inapiga pembeni na kumwumiza mwenyewe). Alichagua risasi ambayo hata mimi nilikuwa sijaisikia. Mama akasikiliza yote, akauliza: "Papa, ile risasi moja ni bei gani? Na ikiisha, tutauzisha nini juu ya kupata ingine?" Baba akamjibu kwamba mwanamke hajui mambo ya chuma. Lakini usiku alifungua daftari tena, akatafuta pahali alipoandika bei ya risasi. Hakukuwa na pahali. Franka zikaenda kwa mashine ya kusaga mihogo na minervali ya watoto wawili. Kwa siku nyingi hakumsemesha mama yule vizuri.

Mimi namsifu mama, lakini sipendi tumcheke baba. Kupanga kitu kwa kipimo cha mwili wako ni furaha ya kweli ya fundi. Na wako waliopanga vizuri. Mwaka 1905 Otto Bock wa Berlin alitengeneza risasi ya milimeta 9.3, iliyo na ganda la milimeta 62. Alifikiri juu ya wakulima wa Kijerumani waliokuwa Afrika, watu wasio na franka za kununua bunduki za London. Risasi yake iliingia katika mwili wa kawaida wa bunduki ya Mauser, bila kudai chuma kikubwa. Zaidi ya miaka 100 imepita na viwanda vya Ulaya vingali vinaitengeneza. Haina sifa kubwa katika mazungumzo, lakini haikuwaacha watu wake mikono mitupu.

Na W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja ku Uganda na pande za Lado, ambazo wakati ule zilikuwa chini ya mfalme Leopold? Aliua tembo 1,011 kwa hesabu yake mwenyewe, na sehemu kubwa kwa risasi ndogo ya milimeta 7, ya jeshi, iliyopatikana kwa wepesi. Siri yake ilikuwa kupasua vichwa vya tembo waliokufa na kujifunza mahali ubongo unapokaa. Hesabu ile inaniumiza roho nikiwaza tembo wachache waliobaki Upemba. Lakini juu ya risasi, mzee alikuwa na akili.

Sisi wa Katanga tulipaswa kujua haya mbele ya wengine. Frederick Arnot alipofika Bunkeya mwaka 1886, alimkuta Msiri na bunduki nyingi. Mfalme yule, aliyetoka pande za Unyamwezi, alizinunua kwa pembe, shaba na watumwa. Lakini baruti ilitoka mbali, kwa wafanya biashara wa Bihé ku Angola, mwendo wa miezi. Aliyeshika njia ya baruti alishika bunduki zote. Mpaka leo mwindaji wa kijiji na gobore lake anatia baruti na vipande vya chuma kwa mdomo wa mtutu. Linaweza kumpasukia usoni, na nimezika mtu kwa sababu hiyo. Wala simshauri mtu. Lakini mnaelewa kwa nini kalibre 12 imeenea Kongo yote: katushi zake zinatengenezwa katika nchi nyingi, na kwa miaka mingi kiwanda cha MACC cha Pointe-Noire kilizitoa hapa hapa karibu.

Basi kijana wetu wa kalibre ya peke yake, kama siku moja kweli utakaa mbele ya fundi, usianze na mtutu. Kwanza karatasi. Silaha na risasi kwetu ziko chini ya sheria ya tarehe 3 septemba 1985, na uwindaji chini ya ile ya tarehe 28 mei 1982. Mbuga za Upemba na Kundelungu si pori la kuwinda hata ukiwa na bunduki ya mfalme. Kiisha mnyama: ni nani unayeruhusiwa kumwinda, na wapi? Swala hahitaji gramu 26. Kiisha uulize ni viwanda vingapi vinatengeneza risasi hiyo leo. Vikiwa kimoja, omba kikombe cha chai na ufikiri tena. Vikiwa vinne au vitano, hesabu maboksi ya miaka 10, pamoja na yale ya kujizoeza, na uandike bei yake katika daftari ukurasa wa kwanza. Na kisanduku cha chuma chenye kufuli, juu nyumba zetu za kamp ni ndogo na watoto wanafika kila pahali. Kikibaki kitu baada ya hapo, zungumza na fundi juu ya mukula.