Kidimbwi kikigeuka kijani, pima maji kabla ya kumwaga dawa

MAJI ya kidimbwi cha kuogelea nyumbani yanapogeuka kijani, wengi hukimbilia kumwaga ndoo ya klorini na kungoja. Siku mbili zikipita maji yakiwa yangali kijani, ndoo nyingine hufunguliwa. Fedha huteketea, mwani ukizidi kustawi.

Aghalabu tatizo huwa si uhaba wa dawa, bali ni hali ya maji yenyewe kuizuia dawa kufanya kazi.

Klorini inapoyeyuka majini hugawanyika katika sura mbili. Ya kwanza ni asidi ya haipoklorasi, ambayo huua bakteria na mwani kwa haraka. Ya pili ni haipokloraiti, ambayo ni dhaifu mno. Kinachoamua ni ipi itakayotawala ni kiwango cha asidi na alkali, kinachopimwa kwa kipimo cha pH.

Maji yakiwa na pH ya 7.0, takriban robo tatu ya klorini huwa katika ile sura yenye nguvu. Katika 7.5 hubakia karibu nusu. Yakifika 8.0 haizidi robo. Kwa maneno mengine, mwenye kidimbwi cha pH 8.0 hununua ndoo nne za klorini ili apate kazi ya ndoo moja.

Hapa ndipo chanzo cha maji kinapokuwa na uzito. Visima vingi vya kuchimbwa Nairobi na viunga vyake hutoa maji yaliyopita katika miamba ya volkano, yenye bikaboneti ya sodiamu kwa wingi. Maji hayo huwa na ualkali wa juu, na pH yake hupanda tena hata baada ya kushushwa. Pwani nako, maji ya visima vya miamba ya matumbawe hubeba chokaa tele. Yakitiwa klorini ya unga, ambayo pia ina kalisiamu, chokaa huganda kwenye vigae na mabomba, na maji huwa meupe kama yaliyotiwa tone la maziwa.

Hata wataalamu hunaswa. Katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka wa 2016, kidimbwi cha kupigia mbizi kiligeuka kijani mbele ya macho ya ulimwengu. Waandalizi walieleza baadaye kwamba mwanakandarasi alikuwa amemimina lita 160 za peroksidi ya haidrojeni katika vidimbwi. Kemikali hiyo huvunja nguvu za klorini. Mitambo ya kupima ilizidi kuonyesha kwamba klorini ingalipo, ilhali haikuwa na makali tena. Ilibidi kidimbwi kikubwa cha pili kimwagwe maji yake yote, mamilioni ya lita, na kujazwa upya.

Mwenye kidimbwi cha nyumbani hana mitambo kama hiyo, lakini kifaa kidogo cha matone au karatasi za kupimia zinazobadilika rangi humtosha. Apime mambo manne: pH, klorini huru, ualkali, na asidi ya sayanuriki. Matone huaminika zaidi kuliko karatasi, hasa zile zilizokaa wazi kwenye joto na unyevu.

Ualkali unafaa uwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.6. Chukulia kidimbwi cha urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.25. Hicho hubeba lita 50,000. Takriban lita moja ya asidi ya haidrokloriki ya asilimia 33 hushusha ualkali wake kwa miligramu 10 kwa lita, na pH hushuka nao. Asidi isitiwe yote kwa mkupuo. Itiwe kidogo kidogo pampu ikizunguka, kisha maji yapimwe tena baada ya saa kadhaa. Ikiwa pH imeshuka kupita kiasi, magadi, yale yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, huipandisha.

pH ikishakaa sawa ndipo zamu ya klorini hufika. Kwa lita hizo 50,000, gramu 77 za klorini ya unga ya asilimia 65 huongeza miligramu moja kwa lita. Kidimbwi kilichojaa mwani huhitaji kufikishwa miligramu 10 au zaidi, yaani karibu gramu 770. Kazi hii hufanywa jioni, kwa kuwa jua huila klorini. Kuta zisuguliwe kwa brashi, pampu iachwe ikizunguka usiku kucha, na kichujio kisafishwe mara kwa mara. Mwani ukifa, maji hubadilika kuwa ya kijivu. Hiyo ni dalili njema.

Wapo wanaopenda kutumia shabu ili uchafu utuame chini. Hufanya kazi, mradi uchafu huo uvutwe na kutupwa nje. Ila shabu haiui vijidudu, na maji maangavu si lazima yawe salama. Salfeti ya shaba nayo huua mwani, lakini hubakia majini. Nywele za waogeleaji zinapogeuka kijani, klorini husingiziwa bure. Ni shaba hiyo.

Klorini husingiziwa jambo jingine pia. Harufu kali na macho mekundu hudhaniwa kuwa ni ishara ya dawa kuzidi. Kwa kawaida ni kinyume. Klorini iliyoungana na jasho na mkojo hutoa kloramini, na hizo ndizo zinazonuka na kuwasha. Tiba yake ni kuongeza klorini ya kutosha kuzivunja, na kuwataka watu waoge kabla ya kuingia.

Asidi ya sayanuriki hukinga klorini dhidi ya jua, na miligramu 30 hadi 50 kwa lita zinatosha. Tatizo ni kwamba vidonge vingi vya klorini vina asidi hiyo ndani yake. Klorini hutumika ikaisha, nayo hubakia na kujilimbikiza hadi klorini ionekane kwenye kipimo lakini ilemewe na mwani. Hakuna dawa ya kawaida ya kuitoa ila kumwaga sehemu ya maji, hasara kubwa mahali ambapo maji huletwa kwa lori. Ndiyo sababu anayetegemea vidonge pekee mwaka mzima hujichimbia shimo.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote imo katika stoo ya dawa. Asidi ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu. Klorini ya unga na vidonge vikichanganywa katika ndoo moja huweza kuwaka au kulipuka, hata ikiwa ni kijiko tu kilichotumiwa kote kuwili bila kukaushwa. Dawa humiminwa katika maji, kamwe si maji juu ya dawa. Stoo ifungwe kwa kufuli, watoto wasifike.

Maji ya kijani yasiingiwe na mtu yeyote, si kwa ajili ya vijidudu pekee. Mtoto akizama ndani yake haonekani. Kidimbwi kifunguliwe pale tu ambapo wavu wa bomba la kutolea maji, ulio sehemu ya kina kirefu zaidi, unaonekana waziwazi kutoka ukingoni, pH iko mahali pake, na klorini huru imeshuka hadi kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita.