Boksi la Sabufa la Faibaglasi: Kipimo Kwanza, Mshindo Baadaye

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki si ajabu tena gari kusikika kabla ya kuonekana. Mshindo mzito wa muziki hutangulia, vioo vya maduka hutetemeka, ndipo gari lenyewe hutokea. Watu wengi hudhani kwamba siri ya mshindo huo ni spika kubwa na amplifaya yenye nguvu nyingi. Hiyo ni nusu tu ya habari. Spika iliyo bora kabisa, ikifungwa katika boksi baya, hutoa sauti hafifu kuliko spika ya kawaida iliyofungwa katika boksi lililopimwa vizuri na kuzibwa sawasawa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi boksi la sabufa, yaani spika ya sauti nzito, linavyotengenezwa kwa faibaglasi ili likae barabara katika pembe ya gari. Ndugu zetu askari wa jeshi na polisi wanazo sababu za kutosha za kuifahamu kazi hii. Wengi wao wana magari yao wenyewe. Wengine watapenda kujifunza ufundi utakaowapatia riziki baada ya kustaafu. Na askari wa usalama barabarani, anaposimamisha gari lililofungwa mitambo hiyo, hana budi kujua ni lipi la kukagua. Zaidi ya hayo, kazi hii inagusa macho, mapafu na masikio, viungo ambavyo askari hawezi kutimiza wajibu wake bila ya kuwa navyo vizima.

KWA NINI BOKSI LIHITAJIWE

Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, wakati huohuo huivuta hewa iliyo nyuma yake. Mawimbi hayo mawili yanapingana. Sauti nzito ina mawimbi marefu mno. Sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita nane na nusu hivi. Wimbi la namna hiyo huizunguka spika bila taabu, hukutana na mwenzake wa nyuma, na yote mawili huuana. Ndiyo maana sabufa isiyo na boksi huonekana ikitikisika sana ilhali sauti yake ni ndogo.

Boksi lililozibwa hulifungia wimbi la nyuma. Lakini kazi yake haiishii hapo. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alionyesha kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi huweza kutumika kama springi ya kuirudisha koni mahali pake, na hivyo boksi dogo likatoa sauti nzito iliyo safi. Baadaye Neville Thiele, aliyeandika huko Australia mwaka 1961, na Richard Small, aliyemfuata katika miaka ya 1970, waliweka hesabu zinazotumika hata leo. Kwa hesabu hizo mtengenezaji wa spika huweza kuandika katika karatasi yake ni lita ngapi za hewa spika hiyo inazohitaji.

Fundi asidharau karatasi hiyo. Boksi likiwa dogo kupita kiasi, hewa huwa ngumu, na muziki wote hugeuka kuwa mshindo wa namna moja usio na uzito wa chini. Likiwa kubwa kupita kiasi, koni hukosa wa kuizuia, huenda mbali kuliko uwezo wake, na sauti ikipandishwa spika huharibika.

KWA NINI FAIBAGLASI

Boksi la mbao ni rahisi kutengeneza, lakini gari halikuumbwa kwa pembe mraba. Katika buti ya gari dogo kama Toyota Corolla, nyuma ya tao la gurudumu kuna pembe iliyopinda ambayo mara nyingi hukaa bure. Boksi la mraba haliwezi kuijaza. Faibaglasi huifuata kila kona na kuacha sehemu kubwa ya buti wazi kwa ajili ya mizigo.

Faibaglasi ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini. Wanajeshi waliitumia mapema: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilitengenezewa vifuniko vya rada za ndege, kwa kuwa mawimbi ya rada hupita ndani yake bila kuzuiwa. Mwaka 1953 kiwanda cha Chevrolet cha Marekani kilitoa gari la Corvette lenye bodi ya faibaglasi. Siku hizi hutumika katika mashua, matangi ya maji na mengineyo.

Uzuri mwingine wa faibaglasi ni umbo lake. Ubao bapa hucheza unapopigwa na msukumo wa hewa, na kila ukicheza hupoteza sehemu ya sauti. Umbo lililopinda ni gumu zaidi. Yai lina ganda jembamba, lakini si rahisi kulivunja kwa kulikamua katika kiganja.

KABLA YA KUFUNGUA MKEBE WA RESINI

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza, kwa hiyo tunaanza na hatari kabla ya hatua za kazi.

Resini ya poliesta ina kemikali iitwayo stairini. Mvuke wake hulewesha, huumiza kichwa na kuchoma macho, nao huweza kuwaka moto resini inapofikia joto la nyuzi 31 au 32 za Selsiasi. Katika nchi zetu joto hilo hufikiwa mchana wa kawaida. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, basi hutambaa sakafuni hadi ulipo moto. Kwa hiyo kazi ifanyike mahali palipo wazi, mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea vyuma. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke, wala barakoa ya vumbi haiuzuii. Inatakiwa ile yenye vichujio vya kaboni vilivyotengenezwa kwa ajili ya mivuke ya kemikali.

Kitu cha pili ni dawa ya kugumisha, ambayo mafundi huiita hadena. Huonekana kama maji matupu, lakini tone moja likiingia jichoni laweza kumpofusha mtu. Miwani ya kukinga macho ivaliwe kabla chupa haijafunguliwa, na maji safi mengi yawe karibu. Ajali ikitokea, jicho lioshwe hapo hapo kwa muda usiopungua dakika 15, kisha majeruhi apelekwe hospitali bila kuchelewa. Tena, hadena isichanganywe kamwe moja kwa moja na dawa ya kobalti ya kuharakisha ugumu, kwani viwili hivyo vikikutana peke yao huweza kulipuka. Resini nyingi za madukani zimekwisha kutiwa kobalti. Fundi huongeza hadena tu.

La tatu ni vumbi la kupiga msasa. Nyuzi za kioo huwasha ngozi, na vumbi lake si la kuvutwa puani. Mikono mirefu, glavu na barakoa ni vazi la kazi kama sare ilivyo vazi la zamu.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, buti husafishwa, kisha sehemu zote za karibu hufunikwa kwa turubai. Pembe inayokusudiwa hubandikwa utepe wa karatasi utumiwao na wapaka rangi, tabaka mbili zinazopishana, na juu yake hulazwa foili ya aluminiamu kama ile ya kufunikia vyakula, ikapakwa nta. Tone la resini likifika kwenye rangi au zulia la gari halitoki tena.

Pili, mkeka wa nyuzi za kioo hukatwa vipande vya ukubwa wa kiganja au viwili, kwa sababu vipande vidogo hufuata kona vizuri. Resini huchanganywa na hadena kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake. Kwa nusu kilo ya resini, hiyo ni gramu 5 hadi 10. Siku ya joto kali kiasi kidogo chatosha. Ni vema kuchanganya kidogo kidogo, maana mchanganyiko huanza kuganda baada ya dakika 10 hadi 20, na ukiachwa mwingi ndani ya mkebe mrefu hujichemsha wenyewe hadi kutoa moshi.

Tatu, kipande hulazwa, hupakwa resini kwa brashi, na mapovu yote ya hewa hukandamizwa mpaka yatoke. Mkeka wa gramu 450 kwa mita mraba hutoa unene wa milimita moja hivi kwa kila tabaka, nao hunywa resini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Tabaka mbili au tatu zatosha kupata ganda linaloweza kutolewa katika gari bila kupoteza umbo. Tabaka nyingine huongezwa nje ya gari, mpaka unene ufikie milimita 6 hadi 8.

Nne, pete ya kufungia spika hukatwa katika ubao wa MDF wa milimita 18, ikashikizwa mbele ya ganda kwa vijiti imara, ikielekea upande unaotakiwa. Kitambaa kinachovutika na kunywa maji, kama cha fulana nzito, hunyooshwa kutoka kwenye pete hadi kingo za ganda, kisha hupakwa resini. Kikikauka huwa uso wa boksi, lakini ni dhaifu bado. Lazima kiongezewe tabaka za mkeka kwa ndani.

Tano, na hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, ni kupima ujazo. Tuseme karatasi ya spika ya inchi 10 inataka lita 20 za hewa. Spika yenyewe huchukua lita 2 hivi, na mihimili ya ndani lita 1. Basi ganda tupu lazima liwe na lita 23. Fundi hana haja ya mashine. Ganda likishakauka na kuimarika, amimine mahindi au maharage makavu kwa kopo la lita moja, akihesabu. Likizidi kidogo, aongeze kipande cha mbao ndani. Likipungua, ausogeze uso mbele kabla kazi haijafika mbali.

Sita, kingo zote hupakwa resini kwa ndani ili kuziba matundu. Spika ikishafungwa, koni hubonyezwa polepole kwa vidole vya mikono miwili kisha huachiwa. Ikirudi taratibu, boksi limeziba. Ikirudi ghafla, pana tundu, nalo litapiga filimbi muziki unapoanza. Mwisho hupakwa bodi fila, hupigwa msasa, na hufunikwa kwa zulia au kupakwa rangi.

KUFUNGA NDANI YA GARI

Boksi pamoja na spika yake huweza kufikia kilo 15. Gari likigongana na jingine, mzigo huo usiofungwa huruka kama kombora juu ya vichwa vya abiria. Kwa hiyo ufungwe kwa bolti katika chuma cha bodi, na kabla ya kutoboa kwa keekee fundi achungulie chini ya gari, asije akatoboa tangi la petroli au bomba lake. Tairi la akiba na jeki visizibwe.

Kwa upande wa umeme, amplifaya ya wati 500 inapotoa nguvu zake zote huvuta amperi 45 hivi, mara tano hivi ya taa kuu mbili za wati 55 kila moja. Waya wake uwe mnene, upite katika pete ya mpira unapovuka chuma, na fyuzi iwekwe karibu na betri, isizidi nusu mita. Fyuzi iliyo karibu na amplifaya peke yake haiukingi waya mrefu ulio kati. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, gari huwaka moto. Bolti na fyuzi ndivyo vitu viwili ambavyo askari wa barabarani huweza kuvikagua kwa dakika moja.

Gari la serikali ni mali ya umma na lina vyombo vyake vya mawasiliano. Si mahali pa kufanyia majaribio haya.

MASIKIO YA ASKARI

Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani hupendekeza mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 saa 4, desibeli 91 saa 2, na desibeli 100 dakika 15 tu. Sabufa katika gari lililofungwa vioo huvipita viwango hivyo kwa urahisi. Askari naye amekwisha kubeba mzigo mwingine, kwani mlio wa bunduki hupita desibeli 140. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena. Kinachopotea ni uwezo wa kusikia amri, nyayo usiku, au sauti ya mwenzake katika redio.

Kuna na haki ya wengine. Uganda ilitunga kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2003, na Kenya mwaka 2009. Dereva asiyesikia king'ora cha gari la wagonjwa nyuma yake amekwisha kuwa hatari barabarani, hata kama boksi lake limetengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu.

Ni dhahiri basi kwamba kazi hii haihitaji fedha nyingi kama inavyohitaji utaratibu. Askari amezoea kupima masafa kabla ya kulenga shabaha na kukagua silaha kabla ya kwenda zamu. Akiichukua tabia hiyo mpaka karakana, akapima lita zake, akavaa miwani yake na kuweka fyuzi mahali pake, atapata sauti safi asiyohitaji kuipandisha sana, naye atabaki na masikio mazima ya kuisikilizia.