Mzee wa Bandarini Aliuliza Nani Anafungwa

Boti ikichelewa pale bandari ya Mkoani, Pemba, abiria hujibanza kivulini na kusikilizishana sauti walizotumiwa kwenye simu. Karibu na uchaguzi sauti huwa nyingi zaidi. Siku moja kijana mwenye simu ya kioo kilichopasuka alitusikilizisha sauti mbili. Katika ya kwanza, mtu asiyejitaja alisema Wapemba si watu wa kuishi nao, maduka yao Unguja yafungwe na wao warudishwe kwao. Katika ya pili, mwengine alimwita waziri mbwa kwa sababu ya nauli. Ya pili ilituchekesha. Mzee aliyekalia polo lake la muhogo akanigeukia: "Mwanangu, wewe wa mahakamani, hapa nani anafungwa?"

Jibu langu halikumfurahisha.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar. Kifungu cha 16 kinamwandama anayetoa taarifa za uongo kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutusi au kupotosha watu, na kama ilivyopitishwa, adhabu yake ilianzia shilingi milioni 5 au miaka 3 jela. Kifungu cha 17, cha maudhui ya ubaguzi, kilianzia milioni 3 au mwaka 1. Hakuna aliyedhani waziri ana mkia, lakini mwaka 2016 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mtu kwa kumtusi Rais kwenye Facebook. Kwa hiyo aliyetuchekesha ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kulala macho.

Na yule wa kwanza? Sheria inataja rangi, nasaba, asili ya taifa au kabila, na dini. Kisiwa hakikutajwa, wala chama. Wakili mwerevu atabishana kuhusu "asili", lakini kwetu chuki huvaa kanzu ya chama huku ikikutafuta kwa lafudhi yako.

Zanzibar tunajua maneno ya namna hiyo hufika wapi. Katika Zama za Siasa, yaani miaka ya mwisho kabla ya uhuru, magazeti na majukwaa yalifundisha watu kuitana wageni na washenzi. Juni 1961, katika ghasia za uchaguzi, waliuawa watu 68. Baada ya uchaguzi wa 1995, huku Pemba watu walisusiana maduka, hata maziko. Mitandao ya kijamii ilikuwa haijafika. Lakini Januari 2001 askari waliwapiga risasi watu walioandamana kupinga matokeo ya uchaguzi baada ya kukatazwa kuandamana, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Ndiyo maana sikubali hoja ya "tuzime tu mitandao". Mpemba ameumizwa na neno, na ameumizwa na kunyimwa neno.

Kipimo ninachokiamini kilitolewa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2012, kikaitwa kwa jina la mji wa Rabat. Kinauliza hali ya nchi wakati neno linatamkwa, nani anasema, alidhamiria nini, alisema nini hasa na kwa namna gani, limewafikia wangapi, na kama madhara yako karibu kutokea. Muhimu ni kwamba majibu yote yapimwe pamoja. Sauti ile ile ya maduka kufungwa, ikitoka kwa mlevi mwezi wa kawaida, ni ujinga wa kujibiwa au kupuuzwa. Ikitoka kwa kiongozi wa maskani wiki moja kabla ya kura, ikataja mtaa na siku, huyo ni wa polisi. Matusi kwa waziri hayafiki huko hata yakiwa machafu kiasi gani: waziri ana ofisi, ana kipaza sauti, na hakuna atakayefungiwa duka kwa kufanana naye.

Mzee alisikiliza, akasema kwa hiyo aliyetaka tufukuzwe anakwenda zake. Nikamwambia huenda, ila si lazima tumsaidie kuisambaza. Kijana akauliza aifute? Nikamwambia aihifadhi pamoja na namba iliyomtumia na tarehe, maana bila hivyo hata polisi mwenye nia njema hana pa kuanzia. Lakini asiitume tena, hata kwa kulaani. Akakiri ameshaituma kwenye kikundi cha familia.

Honi ya boti ikalia. Mzee akainuka, akalipangusa polo lake. "Basi andika tena huko huko," alimwambia, "uwaambie shangazi zako wasiipeleke mbele."

Kijana akaanza kuandika akiwa kwenye foleni.