Dola kongwe za fedha: Mwaka upi ni adimu kweli, na upi ni adimu kwa jina tu?

KATIKA pwani yetu ya Afrika Mashariki, karne ya 19, pembe za ndovu, karafuu na nguo zilinunuliwa kwa reale ya Sham, sarafu nzito ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Aliyeitia kibindoni hakuwa na sababu ya kuuliza ilichapwa lini. Zote, hata zilizochapwa miongo mingi baada ya malkia huyo kuaga dunia, zina mwaka mmoja tu: 1780.

Dola ya fedha ya Marekani haiko hivyo. Dola mbili zinazofanana kama shilingi kwa ya pili, zenye uzani uleule wa gramu 26.73 na asilimia 90 ya madini ya fedha, zaweza kutofautiana bei kwa maelfu ya dola za leo kwa sababu ya tarakimu nne zilizo chini ya shingo ya mwanamke, na herufi moja ndogo iliyo upande wa pili. Kwa hivyo anayetaka kukusanya sarafu hizi, au aliyerithi chache kutoka kwa jamaa wa ughaibuni, hana budi kujua ni miaka ipi inayostahili kutolewa pesa.

Tuzungumzie zile ziitwazo dola za Morgan, kwa jina la George T. Morgan aliyezichora. Zilichapwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha zikarejea mwaka 1921. Kiwanda cha Philadelphia hakikuweka herufi yoyote. New Orleans kilitumia O, San Francisco S, Carson City katika jimbo la Nevada CC, na Denver, kilichozichapa mwaka 1921 pekee, D. Herufi hiyo iko chini ya shada la majani, upande wa tai.

Sarafu hizi hazikuzaliwa kwa sababu wananchi walizihitaji. Sheria ya Bland-Allison ya 1878 iliilazimu serikali kununua madini ya fedha ya kati ya dola milioni mbili na milioni nne kila mwezi na kuyachapa yawe dola, jambo lililowafurahisha wenye migodi. Raia wengi, hasa wa majimbo ya mashariki, walipendelea noti. Matokeo yake ni kwamba mamilioni ya dola yalitiwa katika magunia ya sarafu 1,000 na kufungiwa kwenye ghala za Hazina bila kuguswa.

Kisha ikaja Sheria ya Pittman ya 1918. Zaidi ya dola milioni 270 ziliyeyushwa, na sehemu kubwa ya madini hayo ikauziwa Uingereza ili kuinusuru rupia ya India, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa pesa ya Mombasa na Nairobi pia. Hakuna aliyeweka daftari la kuonyesha ni miaka ipi iliyoingia tanuruni.

Hapo ndipo palipo na mtego. Wauzaji hupenda kutangaza idadi iliyochapwa: "ni 228,000 tu!" Idadi hiyo ni kweli kwa dola ya Carson City ya mwaka 1885. Lakini katika miaka ya 1970 serikali ya Marekani iliziuzia umma dola za Carson City zilizosalia katika ghala zake, na miongoni mwazo zilikuwamo 148,285 za mwaka huo, zikiwa hazijawahi kutumika. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya sarafu hizo iliokoka ikiwa mpya. Ni sarafu nzuri na ina bei yake, ila si adimu kwa kiwango ambacho idadi yake inadokeza. Kilicho haba hasa ni ile iliyochakaa, kwa kuwa ni chache zilizowahi kuingia sokoni kununulia mkate!

Ilinganishe na dola ya San Francisco ya mwaka 1893. Zilichapwa 100,000, hazikupatikana katika ghala lolote kwa wingi, na nyingi zilitumika hadi zikafifia. Hii ndiyo inayomkosesha usingizi kila mkusanyaji wa dola za Morgan. Hata iliyosagika sana huuzwa kwa maelfu ya dola, na bei yake haijategemea uvumi, bali uhaba ambao wanunuzi wengi wameuhakiki kwa zaidi ya karne moja.

Uvumi unaweza kufilisi. Kwa miongo mingi, dola ya New Orleans ya mwaka 1903 ilihesabiwa kuwa malkia wa uhaba, ingawa zilichapwa zaidi ya milioni nne. Wakusanyaji waliamini karibu zote ziliyeyushwa mwaka 1918. Vitabu vya bei vya mwanzoni mwa miaka ya 1960 viliitaja kwa takriban dola 1,500 ikiwa mpya. Mwishoni mwa 1962 Hazina ilifungua magunia yaliyokuwa yamefungwa kwa miaka mingi, na zikatoka kwa maelfu. Bei iliporomoka hadi makumi machache ya dola katika muda wa majuma. Waliokuwa wameweka akiba yao katika sarafu hiyo walibaki mikono mitupu.

Je, yaweza kutokea tena? Kwa Morgan, yamkini la. Serikali iliacha kubadilishana hati kwa dola za fedha mwezi Machi 1964, na masalio ya Carson City yakaisha kuuzwa mwaka 1980. Uhaba wa sasa umekwisha kupepetwa.

Kuna uhaba wa namna nyingine, nao ni wa hali ya sarafu. Dola ya San Francisco ya 1884 ilichapwa zaidi ya milioni tatu, na iliyochakaa haina makuu. Hata hivyo, isiyowahi kutumika ni nadra mno, na bei yake hupaa kupita kiasi. Baina ya "karibu mpya" na "mpya kabisa" pana mkwaruzo mdogo shavuni ambao jicho lisilozoea haliuoni, ilhali pengo la bei ni la kutisha. Kwa maoni yangu, mwenye mfuko wa kawaida anunue ile iliyochakaa na kusonga mbele. Vivyo hivyo kwa dola ya Philadelphia ya 1895: daftari linasema 12,000 zilichapwa kwa matumizi ya kawaida, lakini hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwapo. Zinazojulikana zatokana na 880 zilizochapwa maalumu kwa wakusanyaji. Kuiacha nafasi yake wazi si aibu.

Ipo pia dola ya 1804, ambayo haimhusu mnunuzi wa kawaida bali inatugusa sisi. Kiwanda kiliandika kwamba kilichapa dola 19,570 mwaka huo, ila zilitumia kalibu za miaka iliyotangulia. Zenye mwaka 1804 zilianza kuchapwa 1834, serikali ilipokuwa ikiandaa zawadi kwa watawala wa Asia. Mjumbe Edmund Roberts alimpelekea mojawapo Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, mwaka 1835. Zinazojulikana ni chache mno, na ile inayoaminika kuwa yake iliuzwa mnadani Agosti 2021 kwa dola milioni 7.68.

Turudi kwa 1893, maana ndiyo inayoghushiwa mno. Walaghai hubandika herufi S kwenye dola ya Philadelphia ya mwaka huo, au huichonga 8 ya mwisho ya dola ya San Francisco ya 1898 iwe 3. Mizani haitakusaidia, kwani dola yenyewe ni halisi. Bahati nzuri, dola zote za San Francisco za 1893 zilichapwa kwa kalibu moja ya upande wa sura, nayo iliacha mstari mwembamba ulioinuka ndani ya herufi T ya neno LIBERTY, kwenye utepe wa kichwani. Tumia lenzi inayokuza mara kumi. Kwenye sarafu iliyosagika mno alama hiyo hufifia, na hapo ni heri kumlipa mpimaji kabla ya kumlipa muuzaji.