Mlevi Aachapo Pombe kwa Ghafula

Mtu aliyekunywa pombe kila siku kwa miaka mingi akiapa kuiacha, jamaa zake hufurahi. Furahini, lakini msimwache peke yake, maana siku zile za kwanza zaweza kumwua.

Sababu yake ni hii. Pombe hupooza ubongo, nao ubongo uliozoea kupoozwa hujikaza ili ushindane nayo. Pombe ikikatwa ghafula, mkazo ule hukosa kizuizi. Baada ya saa 6 hivi mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo huenda mbio. Katika siku 2 za kwanza aweza kuanguka kama mwenye kifafa. Toka siku ya 2 hata ya 4 wengine hushikwa na homa na kuweweseka. Mtu huona wadudu wasiokuwapo, hata mkewe hamjui.

Hapo majirani husema, "Amerogwa." Msiwasikilize, wala msimfunge kamba. Mpelekeni hospitali upesi. Huko hupewa diazepamu ya kutuliza ubongo, na vitamini B1, ambayo walevi wengi wamepungukiwa. Akianguka njiani, mlazeni ubavu, wala msimtie kitu kinywani.

Basi, anayetaka kuacha na aache, lakini kwanza amwone daktari, ampangie njia ya salama. Nawe mama mwenye mume wa namna hii, mwambie leo, kabla hajaapa.